Waya Mbili Chini ya Bodi

Mnaning'ang'ania niisimulie kana kwamba sina kazi, na mnajua hao wawili, fundi na mwanafunzi wake, ni damu yangu, haya, basi msinikatize... waya mbili tu, alikuwa akijiambia huyo mjukuu wangu wa kike, chuma cha kulehemu mkononi, risasi ikiyeyuka na moshi ukimwingia puani, waya mbili fupi kama kucha, nani atazijua, na nyuma yake tajiri wa karakana akizungumza na mjomba wake, yaani mwanangu mkubwa, kwa ile sauti ya kubembeleza mgonjwa, "Mzee wangu usichukie, macho yana umri wake," na mjomba akijibu taratibu, "Huenda, huenda," na yule binti akatamani angekasirika, angetukana, angepiga meza, maana hilo "huenda" lilikuwa baya kuliko tusi, mtu aliyemfundisha kushika chuma, aliyekuwa akimwambia risasi usiilazimishe, iite itakuja, leo anasema huenda... geuza bodi, lehemu mguu wa pili... na hicho kichipu anachokilehemu sasa ndicho ubongo mpya wa mashine ya kutotolea vifaranga, ule wa kwanza umeungua, na umeunguaje, anajua yeye, kompyuta kuukuu husema kwa volti kumi na mbili, ubongo husikia volti tano tu, ndiyo maana katikati hukaa kichipu kingine, mafundi wanakiita mkalimani, kazi yake kupokea makelele ya upande huu na kuyanong'oneza upande wa pili, bila yeye ubongo unakufa, sasa juzi mkalimani alikuwa ameazimwa meza ya jirani, hapo karakanani mkalimani ni mmoja, huchomolewa kwenye soketi na kuzungushwa kama sufuria ya shughuli, na yeye kwa haraka zake akitaka kujaribu ubongo na ubongo mwenzake, wote wa volti tano, hawahitaji wa kuwatafsiria, akalehemu waya mbili chini ya bodi kumruka mkalimani, ikafanya kazi, akashangilia peke yake kama mwehu, mkalimani aliporudi akampachika juu, akaenda kunywa chai, waya akazisahau... leo mjomba akaja, akatazama kwa lenzi yake, mkalimani yupo, kila pini mahali pake, akachomeka kebo ya kompyuta, volti kumi na mbili zikapita uchochoroni, kwenye zile waya, harufu ya ubongo kuungua, "Nimekosea wapi?" akasema mzee, akivua miwani na kuifuta, akiivaa, akiivua tena, na wote walipokuwa wakiitazama hiyo miwani mjukuu wangu aligeuza bodi akazing'oa waya, akazitia mfukoni, kwa kuwa tajiri alikuwa ameshatamka, "Mzee apumzike nyumbani, meza ya dirishani uichukue wewe," meza aliyoitamani tangu ajue tofauti ya risasi na bati, meza yenye mwanga, yenye kiti cha mjomba... angeweza kunyamaza, mzee atazeeka tu hata hivyo, si kweli? macho yake yatakwisha siku moja hata hivyo, si kweli? na hapo akamsikia mjomba akimuuliza tajiri, kwa adabu kabisa, "Na nikitembea barabarani, unadhani ni salama?" Mungu wangu, mzee ameamini, hatauacha uongo karakanani, ataubeba hadi nyumbani, ataogopa ngazi, ataogopa kisu cha vitunguu, atamwomba mkewe amsomee kilichoandikwa kwenye chupa ya dawa, yote hayo kwa waya mbili, na macho hayana hata tone la kosa, macho yaliona sawasawa kilichokuwa juu, chini ndiko alikokuwa yeye na waya zake... "Tajiri," akasema, bila kugeuka, chuma bado mkononi, "waya niliziweka mimi. Chini ya bodi, kumruka mkalimani. Nikazing'oa mkiwa mnamtazama yeye." "Waya gani?" tajiri akauliza. "Hizi." Akazimwaga mezani. Tajiri akazitazama, akamtazama, akasema kaunta inahitaji mtu wa kupokea redio mbovu na matusi ya wenyewe, aanze leo, na chuma cha kulehemu asikiguse mpaka atakapoambiwa, na mjomba wake, ambaye hajawahi kuacha kumwombea msamaha kwa kosa lolote, alinyoosha mkono akakichukua chuma kikiwa bado cha moto, akaketi kwenye kiti chake cha dirishani, wala hakumwombea.