Mteule wa Banda la Machungwa

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa duka la kuchajisha simu, limeandikwa kwa kalamu nene: WACHUMAJI WA MACHUNGWA WANAHITAJIKA. MSIMU MMOJA. MALAZI YAPO. Chini yake palikuwa na namba ya simu, basi.

Kitinda aliipiga namba hiyo palepale. Nyumbani walimwita hivyo kwa sababu ndiye aliyefunga tumbo la mama yake, na ingawa sasa alikuwa binti wa miaka ishirini, jina halikutaka kumtoka. Tangu amalize shule alikuwa ameshabisha hodi kila duka la mtaani mpaka soli zikalalamika. Mwanamume aliyepokea simu hakuuliza uzoefu wala cheti. Aliuliza kama ana kitambulisho.

"Ninacho."

"Jumatatu asubuhi. Lori litawakuta kituo cha mafuta." Akakata.

Mama yake aliposikia, aliendelea kukunja nguo kama hajasikia. Kisha akasema, "Kazi isiyokuuliza maswali, mwanangu, ndiyo ya kuiuliza maswali."

Kaka yake alikuwa dirishani, ameufungua mgongo wa redio ya jirani. Hiyo ndiyo iliyokuwa riziki yake tangu pikipiki imtupe msimu uliopita na kumvunja nyonga. Alikuwa ametoka kuchuma machungwa huko mabondeni, akarudi na magongo mawili.

"Shamba gani?" akauliza.

"La machungwa."

"Nimekuuliza shamba gani."

"Hawakusema."

Kaka akaigeukia redio. "Mashamba ya machungwa ni mengi," akasema, kama mtu anayejibembeleza mwenyewe. "Lakini wakikupa ngazi, itazame kwanza."

Kitinda alikumbuka baadaye kwamba kaka hakumtazama usoni alipokuwa anasema.

Jumatatu, kwenye geti la shamba, walikuwa watu zaidi ya arobaini. Baadhi yao ilikuwa siku ya tatu wanakuja na kurudishwa. Msimamizi alikuwa mtu mfupi wa shingo nene, kalamu yake imefungwa kwa uzi kwenye kifungo cha shati. Alikusanya vitambulisho, akawa anaita mmoja mmoja, huyu ndiyo, huyu hapana, huyu arudi kesho. Alipofika kwenye cha Kitinda alisoma, akainua macho, akasoma tena.

"Kwenu mko wangapi?"

"Watatu."

Alimtazama kama anayetafuta kitu kilichodondoka. "Ingia. Banda la kuchambua."

Nyuma yake mtu akaguna. Kila mgeni huanzia kwenye ngazi, na mkoba wa kuchumia begani, jua likimla kisogo. Banda la kuchambua lilikuwa na kivuli na meza ndefu, na kazi yake ilikuwa kutenga: machungwa mazuri huku, yenye madoa kule, yaliyobonyea kwenye kreti ya kukamuliwa. Waliofanya kazi hiyo walikuwa wanawake wa misimu mingi, na kila mmoja aliingia hapo baada ya kuota sugu.

"Karibu, Mteule," akasema mmoja wao bila kucheka. Jina hilo likamganda kuanzia siku hiyo.

Chumba chao kilikuwa na vitanda sita vya chuma na dirisha moja lisilofungika. Kitanda cha pembeni kilikuwa cha Mama Pacha, mwanamke mnene wa sauti ya chini aliyeacha watoto wake wawili kwa dada yake kila msimu. Yeye peke yake ndiye aliyemsogezea Kitinda msumari wa kutundikia nguo.

Siku ya nne Msimamizi alimletea Kitinda glavu mpya. Siku ya sita, alipokohoa kidogo, alimwambia akapumzike. Siku ya nane alipita mezani akauliza, "Unakula vizuri?" na wanawake wote wakainamia machungwa yao kama walioambizana. Wiki hiyohiyo wawili kati yao walisimamishwa kazi kwa kuficha kreti ya matunda yaliyobonyea. Nani alisema? Hakuna aliyejua, kwa hiyo wote walijua. Mchana huo Kitinda aliketi na sahani yake, na benchi likamwachia nafasi pande zote mbili, utadhani ana upele.

"Si mimi," akamwambia Mama Pacha walipokuwa wanafua.

"Mimi sijasema ni wewe."

"Lakini unafikiri."

Mama Pacha alikamua blauzi mpaka ikalia. "Nafikiri hivi. Huyu mtu nimefanya naye kazi misimu mitano. Mwaka juzi mwenzetu alizimia safu ya saba, akamwambia akiamka amalizie mti. Leo wewe unakohoa, anakwambia ukalale. Paka hashibi kwa wali, mwanangu, matilaba yake panya."

Tangu hapo Kitinda alitembea na mkasi wa kuchumia mfukoni. Alikwenda bafuni na mwenzake, au hakwenda. Kila wema wa Msimamizi aliupindua kama chungwa, akitafuta upande uliooza. Jambo lililomchanganya ni kwamba yule mtu hakumkaribia. Hakumgusa mkono, hakumtupia neno la utani. Alikuwa anamtazama kwa mbali, na Kitinda akigeuka, yeye ndiye aliyekwepesha macho. Mwindaji gani anayeogopa mawindo yake?

Wiki ya tatu, saa sita mchana, alimwita ofisini. Kilikuwa chumba kidogo chenye meza, feni mbovu na mabuti yaliyopangwa ukutani. Kitinda alisimama mlangoni, mkono mfukoni.

"Kaa."

"Nimezoea kusimama."

Msimamizi alisogeza karatasi zisizohitaji kusogezwa. "Kazi inaendaje?"

"Vizuri."

"Na nyumbani? Kaka yako anaweza kutembea sasa?"

Kitinda alikaza mkono kwenye mkasi mfukoni. Hakuwa amemtajia mtu yeyote pale kwamba ana kaka, seuze kaka asiyetembea.

"Umemjuaje kaka yangu?"

"Si wewe uliniambia, siku ile getini."

"Nilikuambia tuko watatu."

Msimamizi akatazama feni, ambayo haikuwa inazunguka. "Basi nimesikia kwa watu. Anasemaje siku hizi? Analalamika?"

"Analalamika nini?"

"Aa, maumivu tu. Nenda, nenda ukale."

Hakula. Alimkuta Mama Pacha amejinyoosha kitandani, miguu juu ya boksi, akaketi karibu yake. "Msimu uliopita," akamwuliza, "kulikuwa na kijana mmoja hapa, mrefu, ana kovu kwenye kidevu?"

Mama Pacha aliishusha miguu taratibu. "Kwa nini?"

"Ni kaka yangu."

Yule mama alimtazama kidevu, pua, paji la uso, kisha akajipiga paja. "Masikini! Ndiyo maana. Nilikuwa najiuliza sura hii nimeiona wapi." Akainuka, akachungulia nje, akarudi. "Alianguka safu ya kumi na tisa. Kidato cha ngazi kilikatika juu kabisa. Mimi nilikuwa mti wa pili. Msimamizi alimpakia kwenye pikapu na hatukumwona tena. Kesho yake tukaambiwa kijana hakuumia, akaondoka zake, na njiani akapata ajali ya pikipiki."

"Na mkaamini?"

"Tuliamini kwa midomo," akasema Mama Pacha. "Moyoni kila mtu alikuwa na lake. Lakini msimu ulikuwa bado haujaisha, na wanangu walikuwa wanataka viatu."

Simu ilishika mtandao sehemu moja tu, karibu na tangi la maji. Kitinda alisimama hapo jioni hiyo, jua bado liko juu ya miti. Kaka yake alipopokea, Kitinda hakumsalimu. "Ulipanda pikipiki ipi?" akamwuliza.

Akasikia sauti ya mama yao kwa mbali, ikiuliza nani anapiga.

"Uko shamba hilo," kaka yake akasema hatimaye.

"Niko hilo."

"Nilimwonyesha Msimamizi ufa, Kitinda. Nilimwita nikamwonyesha kwa kidole. Akasema lori linasubiri, nimalize mti huo, ngazi atazibadilisha kesho. Njiani kwenda hospitali akaniambia nikisema ni shambani, yeye anafukuzwa na mimi sitaajiriwa bonde zima. Nikisema pikipiki, nikipona ananipa usimamizi wa safu. Nikatia sahihi." Akashusha pumzi. "Hakupiga simu hata siku moja. Ningewaambia nini? Kwamba mguu wangu nimeubadilisha na ahadi? Niliona haya."

"Ungeniambia mimi."

"Wewe? Wewe hujui kunyamaza."

Hapo alisema kweli. Kesho yake, wenzake walipokuwa wanakula, Kitinda na Mama Pacha waliingia stoo ya ngazi. Zilikuwa kumi na tisa. Saba kati yake zilikuwa na vidato vilivyofungwa kwa waya au vipande vya mpira wa tairi, na moja ilikuwa na kidato cha tatu kilichopasuka kwa urefu. Ukikibonyeza kwa gumba, kilitoa sauti.

"Hii," akasema Kitinda.

"Mwanangu, watatufukuza."

"Wewe rudi. Hujaniona."

Mama Pacha alikwisha kushika upande wa pili wa ngazi. "Nilirudi mwaka jana," akasema.

Asubuhi iliyofuata, watu walipokusanyika kwa kuitwa majina, waliibeba ile ngazi mpaka mbele na kuiegemeza kwenye mti wa kwanza. Wanawake wa banda walitazamana. Mmoja akanong'ona, na hakunong'ona vizuri, "Mteule naye leo ana mkutano."

"Shikamoo, Msimamizi," akasema Kitinda.

"Marahaba. Ngazi ya nini? Wewe uko banda."

"Nimechoka kivuli. Naomba unifundishe kupanda. Panda wewe kwanza, nikutazame."

Watu wakacheka kidogo. Msimamizi naye akajaribu kucheka. Akasogea, akashika miguu ya ngazi, akapandisha mguu kidato cha kwanza, cha pili. Kisha akakiona cha tatu. Mguu ukabaki hewani.

"Hii ni ya kutupwa," akasema.

"Na ile ya msimu uliopita, nayo ilikuwa ya kutupwa?"

Kicheko kikakatika. Msimamizi akashuka. Shingo yake nene ilikuwa imeloa jasho, na asubuhi ile haikuwa na joto lolote. Aliwatazama watu, akamtazama Mama Pacha, na labda aliona kwamba yule mwanamke safari hii hangeinamisha macho.

"Kaka yake ndiye yule aliyeanguka," akasema, si kwa Kitinda bali kwa kundi zima. "Alinionyesha ufa. Nikamwambia lori linasubiri."

"Na karatasi ya pikipiki?" akauliza Mama Pacha.

"Niliiandika mimi."

Mzee mmoja wa safu ya saba ndiye aliyeanza. Alivua mkoba wake begani, akauweka chini, akaukalia. Wa pili akafuata, kisha wote. Mwenye shamba alifika kabla ya saa nne, gari lake likitimua vumbi, akapiga kelele, akabembeleza, akatishia. Machungwa yalikuwa yanaiva juu ya miti bila kusubiri mtu. Siku ya tatu lori lilileta ngazi mpya za bati jepesi, na watu wakarudi kazini. Msimamizi aliandika maelezo yake kwenye meza ya kuchambulia, kwa kalamu ileile ya kifungoni, Mama Pacha akatia dole gumba kama shahidi. Mchana huo akafukuzwa.

Akitoka, begi mkononi, alimkuta Kitinda getini.

"Nilipoona jina lako nilitaka kukusaidia," akasema. "Nilifikiri nikikuweka mahali pazuri..."

"Au ulitaka kujua kaka amesema nini?"

Msimamizi alihamishia begi mkono wa pili na kushika njia, na Kitinda akabaki anamtazama mpaka alipokata kona, akingoja ageuke. Hakugeuka.

Wanawake wa banda walianza kumsogezea benchi. Si wote. Wawili waliendelea kuamini kwamba ndiye aliyewachomea wenzao, na mmoja alisema mambo yote yale ya ngazi yalikuwa njama ya kumpatia cheo. Kitinda aliacha kujitetea. Alimaliza msimu wake juu ya ngazi, akapata sugu, akarudi nyumbani na nakala ya maelezo imekunjwa ndani ya daftari.

Kaka yake aliisoma mara moja, akaitupa mezani. "Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Sasa dunia nzima itajua nilivyokuwa mjinga."

Hakumsemesha kwa siku tano. Siku ya sita aliomba pasi, akanyoosha shati lake, akamwambia dada yake avae, wanakwenda ofisi ya kazi. Karani aliwazungusha miezi minane, leo njooni kesho, kesho faili halionekani. Mwishowe shamba lilikubali kugharimia upasuaji wa pili wa nyonga, kwa barua fupi isiyokuwa na neno pole.

Siku ya kwenda hospitali, mama yao alikuwa anamfunga kaka viatu, maana kuinama kulikuwa bado kunamshinda. Aliuliza bila kuinua kichwa, "Lakini huyo mtu, Kitinda. Alipokuingiza getini siku ile, alikuwa anakutendea wema au alikuwa anakuchunga?"

"Sijui, mama. Nilimwuliza."

"Akasemaje?"

"Hakusema."

"Mimi namjua," akasema kaka. Walimngoja aendelee. Alishika magongo yake, akasimama, akajaribu uzito kwenye mguu mmoja, kisha mwingine. "Naye hajui," akasema, akatangulia kwenye gari.