Lango la Bi Tudge

Goti la kulia la Royston Bebb lilikuwa na miadi na kisu cha daktari siku ya Alhamisi. Jumamosi kabla ya hapo, saa tatu kamili asubuhi, Royston alikuwa mbele ya baa ya Kondoo Dume, amekaa juu ya baiskeli yake, mguu mmoja chini, akimsubiri Colin Gwilliam aseme nenda.

Mkewe, Maureen, alikuwa ameshasema lake alfajiri wakati akimimina chai: akianguka, asitegemee kuletewa zabibu hospitalini. Daktari naye alisema kwamba baada ya upasuaji asahau baiskeli ya milimani mwaka mzima, na pengine daima. Royston alikuwa na miaka hamsini na tatu. Alikuwa mpiga plasta tangu alipoacha shule akiwa na kumi na tano, na hilo neno "pengine" alilielewa vizuri sana.

Kilichokuwa kinamuwasha ni kibao. Ndani ya baa, kando ya mahali pa kurushia vishale, kulikuwa na kibao cheusi kilichoandikwa kwa chaki: Gwilliam, saa moja, dakika arobaini na saba, sekunde ishirini. Huo ndio ulikuwa muda bora wa mbio za baiskeli za maili ishirini na mbili katika vilima vya Shropshire, kupanda na kushuka, kwa njia za farasi, kuanzia mlango wa baa na kurudi mlango huohuo. Chaki ile ilikuwa imekaa miaka kumi na moja. Gwilliam, mwenye bucha, kila akipita alikuwa akikipangusa vumbi kingoni kwa shati lake, taratibu, ili Royston aone.

Kanuni ilikuwa moja tu. Njia ile ilikatiza mashamba ya watu, ikiwa na malango kumi na manne, na kila lango uliache ulivyolikuta. Ukikosea lango, muda wako haupo, hata kama umeruka na mabawa.

"Basi, babu," Gwilliam alisema, macho kwenye saa. "Tukikuona jioni tutafurahi. Nenda."

Royston akaondoka kama aliyefukuzwa na nyuki.

Mwezi wa sita ulikuwa mkavu mwaka ule. Ardhi ambayo kwa kawaida humeza tairi ilikuwa ngumu kama sakafu, na baiskeli ilikuwa inaimba. Alipanda kilima cha kwanza bila kushuka hata mara moja. Kwenye msitu akainama chini ya matawi, akaruka mizizi mitatu mfululizo, akavuka kijito maji yakamrukia hadi kwenye meno. Goti lilikuwa linalalamika. Akaliambia litulie, lina mapumziko marefu yanakuja. Akakutana na mama mmoja juu ya farasi wa kahawia; akasimama kando, kama inavyopasa, akamwacha apite, akamwambia habari za asubuhi huku moyo unampasuka kwa sekunde zile zilizokuwa zinakwenda bure. Mama yule naye hakuwa na haraka. Akaanza kusifia hali ya hewa. Royston akaisifia vilevile, kwa ufupi.

Lango la kwanza, fungua, pita, funga. La pili vivyo hivyo. La tano, la sita. Mikono ilikuwa inafanya kazi yenyewe. Baba yake alimfundisha kufunga lango kabla hajajua kufunga kamba za viatu, na mara moja tu aliposahau, alikula kofi ambalo sikio linalikumbuka hadi leo.

Kileleni akatazama saa. Alikuwa mbele ya muda wa Gwilliam kwa dakika nne.

Dakika nne! Akapiga kelele peke yake, kondoo wakageuza vichwa. Mbele yake vilima vilikuwa vimejipanga, kijani nyuma ya kijani, na njia ikiteremka katikati kama utepe. Kilichobaki kilikuwa mteremko na tambarare. Tayari alikuwa anaiona sura ya Gwilliam akifuta jina lake kwa mkono wake mwenyewe.

Lango la kumi na moja lilikuwa la Bi Marjorie Tudge, mama wa miaka sabini aliyefuga kondoo mia mbili peke yake na asiyependa mtu mwenye baiskeli. Lilikuwa wazi, limeegemea ua wa michongoma, limefungwa hapo kwa kamba ya buluu, ile ya kufungia marobota ya majani. Royston hakufikiri. Alilaani watu wa mjini, ambao huja Jumapili na viatu vipya na hawajui lango ni la nini, akaivuta kamba, akalisukuma lango, komeo likalia. Kwa kuwa hakuwa mtu wa kutupa taka, kamba akaizungusha kwenye usukani. Kisha akaachia breki.

Mteremko ule wa shamba la Tudge ndio uliokuwa unamfanya aamke usiku akitabasamu. Ni mkali kama paa la nyumba. Upepo ulimjaa mdomoni, macho yakatoka machozi, nyasi zikawa mistari. Aliruka tuta moja, magurudumu yote mawili hewani, akatua, akaruka la pili. Miaka ilimdondoka njiani kama vifungo vya shati. Alifika chini akiwa anacheka kwa sauti.

Chini kulikuwa na birika la kunyweshea mifugo, limejaa maji hadi ukingoni. Udongo uliolizunguka ulikuwa umekanyagwa na kwato, nyayo mbichi, mamia. Lakini kondoo hakuna hata mmoja.

Kamba ya buluu ilikuwa inapeperuka kwenye usukani.

Royston akashika breki. Akageuka kutazama juu. Kondoo wote walikuwa shamba la juu, ambako kijito kilikuwa kimekauka tangu wiki mbili zilizopita, na jua lilikuwa linazidi kupanda. Hakuna mtu wa mjini aliyeacha lango lile wazi. Bi Tudge mwenyewe ndiye aliyelifungua na kulifunga kamba ili mifugo yake ishuke kunywa. Na yeye, Royston Bebb, mtoto wa bondeni, aliyekuwa akiwafundisha wenzake adabu ya malango, ndiye aliyewafungia.

Akatoa simu. Bondeni pale mtandao haujawahi kufika. Akatazama saa: bado dakika nne mbele. Hakuna aliyemwona. Angeweza kumaliza, kisha akapiga simu kutoka baa, na kondoo wasingekufa kwa saa moja. Hilo alilifikiria, tena si kidogo. Lakini kibao kile angekitazama kila Ijumaa hadi kufa kwake, na kila Ijumaa angeona kamba ya buluu.

Akatukana tusi moja refu, akageuza baiskeli.

Kupanda kulimchukua dakika saba. Nusu aliendesha kwa gia ndogo kuliko zote, nusu alisukuma, goti likimchoma kama msumari. Alipofika juu, kondoo walikuwa wamejazana langoni, wanalia, wanasukumana. Akafungua, akalivuta lango hadi kwenye michongoma, akalifunga kwa kamba yake ileile, fundo lilelile. Wakapita miguuni mwake kama maji yaliyobomoa ukuta.

Sasa alikuwa nyuma kwa dakika tatu. Mtu mwenye akili angerudi nyumbani polepole. Royston akashuka mteremko ule mara ya pili, pembeni ya kondoo mia mbili waliokuwa wanakimbia kuelekea majini, wao wanapiga kelele na yeye anapiga kelele, na hakugusa breki hata kidogo. Maili sita za mwisho alizikanyaga kama mtu anayedaiwa roho yake.

Saa moja, dakika arobaini na tisa kamili.

"Umekufa dakika ngapi njiani?" Gwilliam aliuliza, akijitahidi asionyeshe kwamba alikuwa ameogopa.

Royston akaegemeza baiskeli ukutani. Walimkalisha ndani, wakamwekea bia na kipande cha pai ya nguruwe. Alikuwa bado hajaeleza kitu pale mlango uliposukumwa na Bi Tudge akaingia na mabuti yake ya mpira, darubini imening'inia shingoni.

"Nani kafunga geti langu?"

"Mimi, mama," Royston alisema.

"Na nani kalifungua?"

"Mimi pia."

Bi Tudge akamtazama kutoka kwenye helmeti hadi kwenye goti, ambalo lilikuwa limevimba kama boga. Alieleza kwamba alikuwa ameshawasha trekta, mnyororo na kufuli mkononi, aje kuwafungia njia wote, alipoona kwa darubini kichaa mmoja anapanda tena.

"Basi hesabu yako ni sifuri," alisema. "Si mbaya. Wengi wenu hapa mko chini ya hapo."

Akaagiza nusu ya bia, akainywa wima. Kisha, kama anayezungumza na ukuta, akasema kwamba Jumatano anawakata kondoo manyoya. Wote watakuwa zizini. Malango yake yote manne yatashinda wazi, yamefungwa kamba.

Royston akaacha kutafuna.

Malango manne bila kushuka. Kila moja sekunde ishirini na kitu. Toa kupanda kule mara ya pili. Toa yule mama wa farasi, Mungu akipenda.

"Hapana," Gwilliam alisema. "Mageti wazi si haki. Mimi niliyafungua yote kumi na manne."

"Kanuni inasemaje, Colin?" Royston akauliza.

Gwilliam akakitazama kibao chake.

"Uliache ulivyolikuta," Royston akamjibia. "Ukilikuta wazi, unaliacha wazi."

"Na hilo goti?" Gwilliam akauliza.

Royston alikuwa ameshainuka, akichechemea kwenda nje kuangalia matairi.

"Goti lina shughuli Alhamisi," alisema. "Jumatano halina kazi."