Uso wa Mama Kwenye Chupa

Radka alipokubaliwa kusomea teknolojia ya chakula, mama yake Penka alitamba kijiji kizima. Alimsomesha kwa kuuza lutenitsa, rojo la pilipili hoho alizozichoma mwenyewe uani kila vuli.

Sasa Radka ana kazi kiwandani, na picha ya mama imebandikwa kwenye chupa zao za lutenitsa.

"Mnatia nini humo, mwanangu?" Penka alimuuliza mezani.

"Maboga na wanga."

"Na pilipili hoho?"

"Harufu tu. Ila wewe usile hiyo, mama. Nipe ya kwako."

"Ya kwangu nimchomee nani, na wateja wangu wote umewachukua kwa sura yangu?"

Penka akamsukumia chupa ya kiwandani na kijiko.

"Kula elimu yako. Uimalize."