Majibu Yenye Muhuri

Alliance alitoka Kiringye kwa miguu, viatu mkononi, akaingia Uvira na jambo moja tu kichwani: kusoma mwaka wa kwanza wa hesabu. Vita ilikuwa imeshamlia miaka miwili. Wa tatu hakuwa tayari kuutoa.

Chuoni alimkuta Papa Sévère, sekretere. Mlango wa ofisi wanajeshi walishaufanya kuni, lakini muhuri yeye aliuzika shambani kabla hawajafika, na tangu hapo, jamani, nani angemweleza kitu.

"Egzameni ya taifa nilipata asilimia sabini na moja," Alliance akasema. "Sheria inasema mwenye sitini hafanye teste ya hesabu. Anaingia moja kwa moja."

"Karatasi iko wapi?"

"Iko Kinshasa, ngambo ya vita. Lakini redio ilisoma jina yangu."

"Redio haiko na muhuri, dada. Utafanya teste. Ukianguka, ni mwaka mzima wa matayarisho."

Akafanya. Maswali ishirini, akayamaliza mapema, akabaki anatazama ziwa dirishani. Akapata matatu.

Hasira zikampanda. Akarudi ofisini, akadai kuona karatasi ya majibu, na Papa Sévère, bila haya, akamtandikia mezani. Ilikuwa ya teste nyingine kabisa, ya mwaka 1996. Maswali ya sasa aliyatunga Profesa Marcellin, na Profesa, risasi zilipolia, alivuka kwenda Kigoma akiwa na majibu yake mkobani.

"Papa, hii haiko majibu ya maswali hii."

"Lakini iko na muhuri. Yako iko nayo?"

Hata kucheka hakuweza. Na kumbe maajabu hayajaisha: mwalimu wa matayarisho naye alishakimbia, basi Papa Sévère akamkabidhi Alliance chaki. Aliyeanguka awafundishe walioanguka.

Akafundisha, na si kwa mchezo. Mwaka mzima wanafunzi thelathini walitoka jasho kwa hesabu, mabomu yakisikika upande wa milima. Lakini teste ingekuwa ileile, kwa kuwa stensili ya kuchapia maswali ilikuwa hiyo moja tu, na Alliance alijua itasahihishwa kwa karatasi gani. Juma la mwisho uvumilivu ukamwisha. Akaandika ubaoni yale majibu ishirini ya 1996, aliyokuwa ameyakariri siku ya ugomvi.

"Najua iko uongo," akawaambia, na aliona haya kusema hivyo. "Mushike tu kwa kichwa. Minye pia nitaandika hizi."

Siku ya teste wakaandika hizo wote, naye pamoja nao. Jumatatu yake Profesa Marcellin akashuka kwenye boti kutoka Kigoma, mkoba kwapani, majibu yake salama, na Papa Sévère kwa furaha kubwa akayagonga muhuri, akasahihisha kwa hayo. Darasa zima likapata matatu. Mwalimu wao naye matatu.

Alliance akalia palepale ofisini, bila kujificha. Hakuna hata swali moja ambalo hakulijua.

"Pole, dada," Papa Sévère akasema. "Profesa amechoka na safari. Shika chaki tena, weye utajaribu mwaka kesho."

"Mwaka kesho mutasahihisha na karatasi gani?"

Papa Sévère akachungulia barabarani, walikokuwa wakipita askari wa sare asiyoifahamu bado.

"Tungoje kwanza," akasema, "tuone muji utakuwa mu mikono ya nani."