Timu ya Makombo

Dionizi alimwacha mkewe nje ya timu ya Burundi kabla hata gari lao halijatoka Cheektowaga, kitongoji cha Buffalo.

"Mama Leya, wewe ni mfupi," alisema, macho barabarani. "Tukivuta kamba utaning'inia kama nguo."

Goreth akageukia dirisha. Mwezi mzima alikuwa amefanya mazoezi ghalani kazini kwao, akivuta peke yake matoroli ambayo wanaume huyasukuma wawili wawili. Neno lile lilimuuma, tena sana, na kutoka Buffalo hadi Columbus ni mbali kwa mtu aliyenuna.

Mashindano yenyewe ndiyo yalikuwa ya kwanza, kiangazi cha 2015. Makanisa ya Louisville, Columbus na Buffalo yalikubaliana kuvuta kamba, kila taifa na timu yake. Nani aliyedhani mataifa yatakatika sawasawa kama ugali, mimi sijui. Waliozidi walikuwa wengi, na Mchungaji Azarias wa Louisville, aliyekuwa mwamuzi, akawakusanya akawaita Timu Mseto. Watu wakawaita Makombo.

Goreth alijiunga nao akiwa na nia moja tu: Dionizi avutwe mbele ya watu.

Lakini wenzake sasa. Wanjohi, mhasibu wa Gahanna, pembeni mwa Columbus, alikuwa ametemwa na Wakenya kwa kutoa amri bila kushika kamba. Mugisho alitemwa na Wakongo kwa sababu alikataa kuvua viatu vyake vya kanisani.

"Guys, lazima tuwe na strategy," Wanjohi alisema.

"Bon, tuvute tu," Mugisho akajibu. "Donc, ndiyo hiyo stratégie."

Kumbe wembamba wa reli, treni hupita. Wakongo waliteleza kwenye nyasi. Wakenya walibishana nani awe kapteni mpaka wakajikuta wameshavutwa. Fainali ikawa Makombo na Burundi.

"Mama Leya, achia mapema usije ukaumia," Dionizi alisema, akitemea mate viganja vyake.

Filimbi ikalia. Makombo wakaburutwa, viatu vya Mugisho vikilima nyasi. Kamba ikainuka na Goreth akainuka nayo, miguu ikapiga hewa. Alikuwa ananing'inia kweli, na mumewe anamwona. Hapo akapaza sauti, akasema lile ambalo mama yake alilisema kila mambo yalipomshinda.

"Tuombe."

Sasa, anayewajua Warundi waliolelewa kambini Kigoma anajua kwamba neno hilo likitamkwa, hata maharage huachwa yaungue. Timu nzima ya Burundi ilifumba macho. Dionizi aliinua mikono yote miwili, na wenzake vilevile. Mchungaji Azarias akavua kofia, akainamisha kichwa.

Goreth hakuwa amepanga hila yoyote. Aliomba kwa dhati, akashukuru kwa afya na kwa safari njema, huku miguu yake ikirudi chini. Mugisho, Mkatoliki, alifanya ishara ya msalaba kwa mkono mmoja, ule mwingine ukabaki kwenye kamba. Wanjohi, aliyezoea kuombewa huku akisoma simu, ndiye pekee aliyeona kilichotokea.

"Rudini nyuma," alinong'ona. "Pole pole."

Wakarudi nyuma, na kamba ikawafuata yote.

"Amina," Goreth akamaliza.

Dionizi alifumbua macho, akatazama viganja vitupu.

"Huu ni wizi. Mchungaji, umewaona?"

"Nilikuwa nimefumba macho," Azarias alisema. "Wewe uliwaona?"

Dionizi alifungua mdomo. Akisema ndiyo, amekiri mbele ya makanisa ya miji mitatu kwamba huchungulia wakati wa maombi. Akaufunga.

Jioni ile ndiye aliyeombwa kubariki chakula. Aliomba vizuri, kwa ufupi, jicho moja wazi, na mkono umeshika sahani ya kuku. Goreth aliyafumba yake yote mawili, akaitikia amina kwa sauti kuliko wote.