Dungu Tupu

Jumamosi ile filamu ilipoonyeshwa katika ukumbi wa Kibaoni, Odilia alifika kwa bajaji mapema kuliko watu wote, kavaa kitenge kipya, akakaa kiti cha mbele na mkongojo wake mapajani. Filamu ilitokana na vitabu vya mdogo wake, Restuta, na katika kila kitabu alikuwamo Luciana, msichana mwenye mguu mbovu anayeamia ndege shambani juu ya dungu, jukwaa refu la miti, na kumwona adui kabla ya wengine. Mji mzima ulijua kwamba Luciana ni Odilia. Restuta alijua zaidi: hadithi zote alisimuliwa na dada yake juu ya dungu la baba yao, walipokuwa wadogo wakifukuza kwelea kwenye mpunga.

Filamu ilikuwa ya katuni, rangi tele, na ilikuwa mbovu. Shujaa, Merina, alipanda kiboko, na kiboko akaimba mno. Jeshi la kwelea lilipokuja kula mpunga wa bonde zima, Merina alijua tu. Nyuma yake dungu lilisimama tupu.

"Nani kamwambia?" mtoto mmoja akauliza. Kisha akatoka kwenda kununua barafu. Wenzake wakamfuata.

Odilia alingoja mpaka shuka la kuonyeshea filamu likakunjwa.

"Resti, mimi natokea sehemu ya pili?"

"Walikosa nafasi, dada."

Ulikuwa uongo. Watu wa filamu walikuwa wamempigia simu wakasema yule mlemavu anachelewesha hadithi, na Restuta, kwa kuogopa wasije wakaghairi, akajibu, "Hakuna shida."

Jumatatu asubuhi Luciana alikuja. Bodaboda alimshusha nyumbani kwa akina Odilia, Viwanja Sitini, akiwa na gauni lake la njano na mistari myeusi pembezoni mwa mwili, kama watu wa filamu walivyomchora kabla ya kumfuta. Kwa mbele alikuwa mtu kamili. Kwa ubavu, mwembamba kama karatasi. Dereva alilalamika kwamba abiria anapeperuka, ikabidi amfunge kwa mpira wa mizigo. Odilia akamtia mawe mifukoni, akampa chai.

Tangu hapo, mpunga ulipoanikwa uani, Luciana alifukuza kuku na Odilia alimsimulia hadithi. Zilikuwa mpya, na nzuri kuliko za vitabuni. Restuta alizisikia dirishani akaona haya. Kila asubuhi alipanga kumweleza dada yake ukweli, na kila jioni alimuuliza tu kama mguu unauma.

Watu wa filamu walipopiga tena, alikuwa barazani anapepeta mchele. Simu yake ilikuwa na sauti kubwa, wa uani wakasikia wote.

"Mama, tunatengeneza ya pili. Yule wa kwenye dungu tumwache nje kama mwanzo, au unasemaje?"

Odilia na Luciana waliinua vichwa wakamtazama. Restuta alijua jibu linalotakiwa, na lilikuwa fupi.

"Hakuna shida," akasema.

Odilia akainama, akaokota jiwe, akalifunga kwenye pindo la kanga yake mwenyewe, maana kwa ubavu na yeye alikuwa ameanza kuwa mwembamba.

"Resti, ukimaliza na simu niletee jingine," akasema. "Upepo unaongezeka."

Restuta akamletea. Alimchagulia kubwa.