Zoezi Namba Tisa

Mwalimu alifundisha muziki chuo kikuu miaka thelathini na moja, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumpa mtu jibu. Ukimuuliza nota hii ni ipi, atakwambia sikiliza. Ukimwambia umeshasikiliza, atakwambia rudia. Wanafunzi wakambatiza Mzee Rudia, naye akalijua jina hilo na kujifanya halijui.

Ujanani alipiga tarumbeta kwenye bendi ya hoteli, na alipiga kwelikweli, hadi wahudumu wakasimama na sinia mkononi wakisahau meza zao. Kisha ajali ya gari ikaondoka na meno yake manne ya mbele. Mpiga tarumbeta bila meno hayo ni sawa na fundi cherehani bila vidole. Bendi ikampa pole, ikamtafuta mwingine. Ndipo akarudi darasani, akasoma, akabaki huko huko. Kijicho alikuwa nacho, asikudanganye mtu. Kila aliyepuliza vizuri mbele yake alimfurahisha na kumuuma kwa pamoja.

Alikuwa na mtindo wake wa kufundisha. Alitunga mazoezi mwenyewe na kuyagawa bila jina la mtunzi, maana mwanafunzi akiona jina la mwalimu hathubutu kukosoa. Ndani ya kila zoezi alitega kosa moja kwa makusudi, nota moja isiyo mahali pake, na kazi ya mwanafunzi ilikuwa kuinasa. Zoezi namba tisa lilikuwa zaidi ya zoezi. Ulikuwa wimbo aliomtungia mkewe wiki waliyooana. Kwenye mstari wa tatu sauti inashuka, inaingia huzuni kidogo, kisha inatulia. Pale pa kushuka akaandika ipande. Aliutoa darasani kwa sababu hakuwa na wimbo mzuri kuliko huo na, tuseme ukweli, alitamani usikike.

Mwanafunzi mmoja hakulinasa lile kosa. Akahitimu hivyo hivyo, akaenda ng'ambo, akarudi na udaktari na suti mbili, na sasa ndiye Mkuu wa Kitivo. Miaka kumi nyuma alitoa kitabu cha nyimbo za kwaya. Zoezi namba tisa lilikuwamo pamoja na kosa lake, na sauti nyingine tatu zimeburutwa zilifuate. Juu pameandikwa: mtunzi hajulikani. Wimbo ukashika. Kwaya zikauimba, redio zikaupiga, watu wakauweka kwenye simu. Mwalimu akiusikia redioni alizima na kutoka nje. Alikuwa akingoja mtu mwenye masikio aligundue kosa, aje amuulize. Hakuja mtu.

Sasa ilibaki miezi sita astaafu, na uprofesa hajaupata. Mara tatu aliomba, mara tatu akaambiwa hana machapisho. Mwaka huu kanuni zikabadilika, utunzi nao ukakubalika. Akapiga moyo konde, akaandika kwamba wimbo ule ni wake. Wiki mbili baadaye akapokea barua inayomwita mbele ya kamati, ajieleze kwa nini amejitwalia kazi isiyo yake. Habari ya uprofesa ikaisha hapo. Alichotafuta sasa ni kutoondoka chuoni na jina la mwizi.

Kamati ilikuwa ya watu watano, kwenye chumba chenye meza ndefu na piano kuukuu pembeni. Mkuu wa Kitivo hakuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo lililomkera Mwalimu zaidi.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema. "Ile karatasi niliikuta kwenye madaftari yangu ya zamani, haina jina. Ningejuaje?"

"Marahaba. Ungejua kama ungelisikia kosa."

"Kosa gani?"

Mwalimu akaketi kwenye piano, akaupiga wimbo wake kama alivyoutunga. Kwenye mstari wa tatu akashuka. Mwanasheria wa chuo, ambaye huimba kwaya, akamsahihisha kwa upole.

"Hapo umeteleza kidogo, mzee wangu. Hapo panapanda."

Mwalimu alieleza juu ya mtego, wakamsikiliza kwa adabu. Wakamwomba karatasi ya kwanza, akasema ililowa walipohama nyumba. Wakauliza nani aliujua wimbo kabla haujafika darasani, maana wanafunzi waliupata bila jina la mtunzi.

"Mke wangu. Nilimtungia yeye."

Mkuu wa Kitivo alionekana kupata nafuu. "Basi Jumatano aje Mama atuimbie. Akishuka hapo, nitaandika jina lako kwenye kitabu kwa mkono wangu."

Nyumbani Mwalimu alimwambia mkewe kwamba chuoni wanataka kumsikia akiimba wimbo wao, basi. Neno moja tu, shuka, lingetosha, na kwa siku tano alikuwa nalo mdomoni asubuhi na jioni, akalimeza. Shahidi aliyefundishwa si shahidi, alijiambia. Isitoshe, kiburi kilimwambia kuwa mke wake hahitaji kukumbushwa.

Jumatano mkewe alivaa gauni la kijani, akakataa kiti. Sauti yake ilikwaruza kidogo kwa umri, lakini haikuyumba. Mstari wa kwanza, wa pili. Mwalimu akafumba macho. Kwenye wa tatu mkewe akapanda. Akapanda vizuri, bila wasiwasi wowote, vilevile kama redio. Mwanasheria alikuwa akimfuatisha kwa kichwa. Mkuu wa Kitivo aliinamia karatasi zake, na hakuna aliyefurahi mle ndani.

"Asante sana, Mama," alisema.

Nje kwenye korido mkewe alimshika mkono. "Wameupenda?"

"Wameupenda."

"Mbona umenuna basi?"

Akamweleza yote, kosa, barua, na neno alilolimeza. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho.

"Najua zamani hapo palikuwa panashuka," alisema. "Ulipoanza kusikika redioni unapanda, nikadhani umeubadilisha mwenyewe. Wimbo ni wako. Nikajifunza upya, nikijua ndivyo unavyoutaka."

Mkewe akauachia mkono wa Mwalimu.

"Si ungeniambia tu, Baba."

"Ningekuwa nimekupa jibu."

Mkewe hata hasira hakuwa nayo. "Miaka thelathini na nane ya ndoa," alisema. "Kumbe na mimi nilikuwa darasani kwako."

Akatangulia kwenda bila kumngoja. Mlango wa kamati ulikuwa bado wazi, na wale watano walikuwa wakikusanya karatasi zao. Mwalimu alisimama pale na ukweli wake, akijua kwamba akirudi kuusema sasa, kila mmoja ataona ni jambo aliloenda kumfundisha mkewe koridoni.